Mbalamwezi, Baba Yuko Nyumbani

Huko Rubona, mwendo mfupi kusini mwa mji wa Gisenyi, nyumba za wavuvi huhesabu siku zao kwa mwezi wa angani. Usiku wa giza ni usiku wa kazi: baba huondoka jua linapozama na kurudi kunapopambazuka, na kwa siku nyingi mfululizo watoto humwona akiwa amelala tu. Mbalamwezi ikija, ziwa Kivu lote hujaa mwanga, taa za mitumbwi hupoteza nguvu ya kuvuta samaki, na nyavu hupumzika. Huo ndio wakati wa kutengeneza paa, kusuluhisha ugomvi na kuwatembelea wakwe, na mtoto mdogo huizoea tena sauti ya baba yake. Wavuvi wa dagaa wa Kigoma na Mwanza wanaijua vizuri kalenda ya namna hiyo.

Lakini Rubona kalenda hiyo bado ni changa. Mababu wa wavuvi wa leo hawakuijua, kwa sababu samaki anayewaita watu ziwani usiku hakuwamo humo. Aliletwa.

Ukifuatilia historia ya kona hii ya Rwanda tangu karne ya 19, utakuta swali moja likijirudia: saa za mtu ni mali ya nani? Mfalme na machifu walizidai, kisha mkoloni, kisha kiwanda, kisha ziwa lenyewe. Kila mdai mpya alipofika, mke na mume walilazimika kugawana upya mchana na usiku. Mapenzi ya nyumbani hapa yameonekana zaidi katika mgawo huo, yaani nani anaamka, nani anabeba, nani anabaki na mtoto, kuliko katika maneno matamu.

Rubona ni rasi inayoingia ziwani na kukinga ghuba tulivu, katika tarafa ya Nyamyumba, wilaya ya Rubavu. Karibu yake kuna chemchemi za maji moto ambako watu huenda kukanda viungo vinavyouma. Nchi hii yote iliitwa Bugoyi, na udongo wake mweusi wa volkano ulisifika kwa rutuba. Milima ya Virunga, iliyo upande wa kaskazini, ndiyo iliyoamua sura ya ziwa. Hapo kale maji ya bonde hili yalitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano zilipochipuka ziliyaziba, maji yakapanda, na mwishowe yakapata njia ya kusini kupitia mto Ruzizi hadi Tanganyika. Kivu likabaki ziwa la juu, takriban mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, lenye kina kinachokaribia mita 480 na aina chache sana za samaki. Wenyeji wa maji hayo walikaa hasa karibu na ufuo. Katikati, kwenye maji mengi, palikuwa kama shamba lisilo na mkulima.

Kwa hiyo watu wa Bugoyi wa karne ya 19 hawakuishi kwa uvuvi kama wanavyoishi watu wa Rubona leo. Walilima, walifuga, na walisafiri. Mwanahistoria David Newbury, aliyechunguza biashara ya zamani kando ya Kivu, ameeleza jinsi wafanyabiashara wa Bugoyi walivyovuka kwenda magharibi, nchi ya misitu, na kurudi na butega, yaani pete za nyuzi za mmea ambazo wanawake walizivaa miguuni na ambazo zilipita mikononi mwa watu kama fedha. Wanaume walibeba chakula na kuswaga mifugo, wakarudi na mapambo. Shamba lililoachwa nyuma halikungoja: maharage yalipaliliwa, mtama ukalindwa dhidi ya ndege, na mwenye jembe alikuwa mke. Pambo alilolivaa mguuni lilikuwa pia hesabu ya siku alizolima peke yake.

Wito mwingine ulikuja kutoka juu. Wakati wa mfalme Kigeri IV Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, nguvu ya ikulu ya Rwanda ilisogea kwa kishindo hadi ukingo wa Kivu. Rwabugiri alikivamia kisiwa cha Ijwi, na vita vya ziwani havipiganwi bila mitumbwi na makasia. Pamoja na utawala huo ulienea uburetwa, kazi ya lazima kwa chifu wa ardhi, ambayo ilikula siku kadhaa za kila juma. Aliyeitwa alikwenda kulima shamba la mwingine, kujenga uzio wa mwingine, kulinda mlango wa mwingine usiku. Alipochelewa kurudi, nyumbani kwake hapakuwa na wa kulalamikiwa.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika ufuo wa Kivu baada ya kuivuka Rwanda kutoka mashariki. Mwaka 1901 Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Nyundo, si mbali na Gisenyi, na mwaka 1907 Wajerumani wakajenga kituo chao Gisenyi penyewe. Vita Kuu vya Kwanza vilipofika, ziwa hili likawa mpaka wa mapigano, na mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia. Wabelgiji hawakuufuta uburetwa mara moja. Waliupunguza, wakaupanga kwa amri, wakaongeza juu yake kazi za barabara na upagizi wa mizigo. Uliondolewa rasmi mwaka 1949 tu. Watu waliooana katika miaka ya 1930 na 1940 walijenga nyumba zao katika siku zilizobaki baada ya shokoa.

Baada ya hapo ukaja mshahara.

Mwaka 1957 kampuni ya bia ya Kibelgiji kutoka Katanga ilianzisha kiwanda ufuoni hapa, kikaitwa Bralirwa, na mwaka 1959 kikaanza kupika bia ya Primus. Heineken wa Uholanzi walichukua sehemu kubwa ya hisa mwaka 1971. Mahali palichaguliwa kwa akili: maji yapo, ghuba ya kupakia mizigo ipo, na barabara ya Goma iko karibu. Kulikuwa na hazina nyingine chini ya maji. Kilindi cha Kivu kimebeba gesi iliyoyeyuka, takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Mwaka 1963 mtambo mdogo ulijengwa kwenye rasi ya Rubona kuvuta methani hiyo, na kwa miongo minne ilichemsha maji katika matanuri ya kiwanda cha bia. Kijiji hiki cha wakulima kilikuwa kikipikia bia kwa gesi ya ziwa.

Kiwanda kilileta aina mpya ya saa. Jembe husubiri mvua ikatike, lakini zamu ya kiwanda haimsubiri mtu. Mtu aliyepata kazi pale alipata mshahara wa mwisho wa mwezi, jambo ambalo baba yake hakulijua, na pamoja nao jina jipya mbele ya wakwe. Kabla ya hapo bia ya posa na arusi ilitoka uani: urwagwa wa ndizi, ambao ulikamuliwa hasa na wanaume, na ikigage ya mtama, ambayo ilikuwa ustadi wa wanawake. Maneno ya mahari hayakuzungumzwa bila kibuyu na mirija. Polepole kreti za chupa ziliingia katika sherehe hizo. Kijana aliyetaka kuoa sasa alihitaji fedha taslimu, na ili apate fedha taslimu alihitaji kuwa mbali na nyumba anayotaka kuijenga. Tangu wakati huo wengi wa Rubona wameishi ndani ya mkanganyiko huo.

Katika miaka hiyohiyo ndipo samaki alipoletwa. Mtaalamu wa uvuvi wa Kibelgiji, Collart, alijua kwamba katikati ya Kivu kulikuwa na vijidudu vingi vya majini ambavyo hakuna samaki aliyevila. Alijua pia kwamba Tanganyika ilijaa samaki wadogo waishio kwenye maji ya wazi, ambao Warundi huwaita ndagala na Watanzania dagaa. Kati ya mwaka 1958 na 1960 maelfu ya vifaranga wa aina mbili walisafirishwa kutoka Tanganyika na kumwagwa Kivu. Aina moja haikuota mizizi. Nyingine, ambayo wataalamu huiita Limnothrissa miodon, ilibaki, ikazaliana kimya kwa zaidi ya miaka kumi, na kufikia miaka ya 1970 ziwa zima lilikuwa lake. Wanyarwanda wakaiita isambaza. Ng'ambo, Goma na Bukavu, ni sambaza. Aina hiyohiyo ilipelekwa pia katika ziwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960, na huko Zambia na Zimbabwe ni kapenta inayoliwa na ugali.

Samaki alikuwepo, lakini mbinu ya kumvua haikuwepo, wala hamu ya kumla. Kwa Wanyarwanda wengi wa zamani samaki hakuwa chakula cha heshima. Maziwa, maharage na mtama vilitangulia. Mwaka 1979 ulianza mradi wa Umoja wa Mataifa, chini ya FAO, shirika lake la chakula na kilimo, uliokaa Gisenyi na kufanya kazi ya kuwafundisha watu kuvua na kuuza sambaza. Mbinu ilitoka Tanganyika, ambako wavuvi walikuwa wakiunganisha mitumbwi na kuinua wavu chini ya taa. Kivu ikaifanya yake: mitumbwi mitatu hufungwa sambamba kwa miti, na fito ndefu za mikaratusi hujitokeza mbele na nyuma kushika kingo za wavu. Ikitazamwa ghubani mchana, imetulia ikiwa na fito zake angani, hufanana na panzi wakubwa waliotua majini.

Kazi yenyewe inahitaji subira na masikio. Wanaume kadhaa huondoka jioni wakipiga makasia kwa wimbo wa kupokezana: mmoja anatoa, wengine wanaitikia, na mdundo ndio unaoweka makasia pamoja. Nyimbo zao husikika ufuoni, za Kinyarwanda na mara nyingine za Kiswahili, lugha isiyo ngeni ziwani humu. Wakifika maji ya kina huzamisha wavu na kuwasha taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni taa za umeme wa betri na sola. Vijidudu hupanda kwenye mwanga, sambaza huvifuata, wavu huinuliwa. Kisha hushushwa tena. Hivyo hivyo mara kadhaa hadi alfajiri, kwenye baridi ya ziwa la milimani na hatari ya upepo wa ghafla.

Ingekuwa rahisi kuiandika hadithi ya Rubona kana kwamba inaishia hapo, kwa wanaume wanaoimba gizani. Lakini mitumbwi inapogusa mchanga asubuhi, kazi ya pili inaanza, na wenyewe ni wanawake. Wao hungoja ufuoni na beseni. Hupima, hubishana bei, hulipa au hukopa. Sambaza huoza haraka, kwa hiyo yule aliyechelewa nusu saa amekula hasara. Wengine hupanda gari kwenda soko la Gisenyi, wengine huanika samaki juani, wengine hukaanga papo hapo na kuwauzia wapita njia kwa pilipili. Na wengi, kwa miaka mingi, wamekaza mwendo kuelekea mpakani.

Mpaka wa Gisenyi na Goma umepita katikati ya mji mmoja. Watu wana shangazi upande huu na shemeji upande ule. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilitia sahihi Gisenyi mkataba wa kuanzisha CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, na makao yake yakawekwa mjini hapo. Kwa mwanamke wa Rubona, diplomasia hiyo ilimaanisha kwamba angeweza kuvuka asubuhi na beseni na kurudi jioni na unga au kitambaa. Mume wake anapolala, yeye yuko barabarani. Anapoamka mume, mke hajarudi. Wako nyumba moja na wanapishana mlangoni.

Hapa ndipo desturi za zamani zilipojaribiwa. Mwanamume wa Kinyarwanda wa kizazi kile hakulelewa kupika wala kumbembeleza mtoto, na jirani angemcheka. Lakini mvuvi anayeshinda nyumbani mchana, na mkewe yuko sokoni, hana njia ya kukwepa. Uji wa mtoto hautajipika. Mipaka ya kazi za kike na za kiume, ambayo wazee waliitetea kwa maneno, ililegezwa na ratiba ya samaki. Haikulegezwa vya kutosha: mara nyingi mama alirudi jioni, akakuta nyungu ziko vilevile, akaanza zamu ya tatu ya siku. Ndiyo maana ugomvi mwingi wa nyumba za ufuoni huanzia kwenye uchovu, hata pale ambapo mapenzi yapo tele.

Kisha ikaja 1994.

Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Gisenyi ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuwaka, tangu Aprili 7. Mpaka ulikuwa hatua chache, na kwa wengi ulikuwa mbali kuliko mwezi. Mjini palikuwa na Kituo cha Mtakatifu Petro, Centre Saint-Pierre, kilichosimamiwa na Félicité Niyitegeka, mwanamke Mhutu aliyekuwa amejitolea maisha yake kwa utume wa kanisa. Watu walikimbilia kwake, naye akawaficha na kuwasaidia baadhi kuvuka usiku kwenda Goma. Kaka yake, kanali wa jeshi, alijua hatari iliyomkabili na akamwandikia aondoke. Alimjibu kwa maandishi kwamba anamshukuru kwa kutaka kumwokoa, lakini ana watu arobaini na watatu mikononi mwake na hatawaacha. Aprili 21 wanamgambo waliwachukua pamoja hadi makaburini, mahali palipokuja kuitwa Commune Rouge. Walikuwa tayari kumwachia yeye. Alikataa, akauawa pamoja na wale aliowalinda.

Rwanda imemweka Félicité katika orodha ya mashujaa wake, daraja la Imena, pamoja na mfalme Mutara III Rudahigwa, waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana, Michel Rwagasana na wanafunzi wa Nyange. Anastahili kutajwa katika historia ya nyumba na majukumu ya kila siku, kwa sababu alichokifanya Aprili ile hakikuanza Aprili ile. Alikuwa amezoea kwa miaka kuwapokea wageni, kuwatandikia, kuwalisha, kuwahesabu usiku kabla ya kufunga mlango. Barua ya kaka yake ilitoka kwenye upendo wa kweli wa damu, na hakuudharau, alishukuru kwanza. Lakini idadi aliyoiandika ni idadi ya mlezi anayejua nani yuko chini ya paa lake.

Mwezi Julai mwaka huohuo mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka huo kwa siku chache kwenda Goma, ambako kipindupindu kiliwasubiri. Uvuvi ulivunjika. Wavuvi walikuwa wameuawa au wamekimbia, vyombo vimeibwa. Miaka iliyofuata haikuwa ya utulivu pia, maana kaskazini-magharibi ilirudi vitani mwaka 1997 na 1998. Wengi waliorudi kwenye mitumbwi walikuwa vijana wasiofundishwa na baba zao, na wengi walioongoza nyumba walikuwa wajane.

Ni katika hali hiyo ndipo sheria ilipoanza kusogea. Mwaka 1999 Rwanda ilipitisha sheria ya mali ya wanandoa na urithi, iliyompa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Kwa mjane wa ufuoni sheria hiyo ilikuwa tofauti kati ya kukaa na kufukuzwa. Sheria ya familia ya mwaka 1988 ilikuwa imemtaja mume kuwa mkuu wa nyumba. Ile ya mwaka 2016 iliwakabidhi mume na mke uongozi wa nyumba kwa pamoja. Na mwaka 2024 sheria mpya ya watu na familia ilizitambua kazi za nyumbani zisizolipwa kuwa mchango wenye thamani mali inapogawanywa. Kuchota maji, kupika, kuuguza: mambo ambayo kwa karne nzima yaliitwa upendo wa mama, na kwa kuitwa hivyo hayakuhesabiwa, sasa yana nafasi mbele ya hakimu.

Sheria peke yake haibembelezi mtoto. Kwa miaka mingi akina mama wafanyabiashara wa Rubavu walikabiliwa na tatizo mpakani: mtoto mchanga ni vigumu kuvuka naye kila siku, na nyumbani hakuna mtu. Wengine waliwaacha wachanga wao karibu na kizuizi cha mpakani, chini ya mwavuli au kibaraza, wakiangaliwa na mtoto mkubwa kidogo aliyepaswa kuwa shuleni. Hawakufanya hivyo kwa kutojali. Waliuza haraka, wakarudi mbio, matiti yamejaa. Baadaye vilianza kupatikana vituo vya kulelea watoto karibu na mpaka, na mama akaweza kuvuka moyo ukiwa umetulia kidogo. Yeyote anayepima maendeleo ya mji wa mpakani kwa tani za mizigo angefaa kuhesabu pia vitanda vya watoto katika vituo hivyo.

Kuna desturi nyingine zilizosaidia nyumba kusimama. Ibimina, vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo Mtanzania angeviita vikoba, vimewapa wanawake wa ufuoni mtaji usiopitia mfukoni mwa mume. Kuanzia mwaka 2009 kila tarafa ilipata chama chake cha akiba, Umurenge SACCO. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na baada ya majembe kuwekwa chini watu huzungumza. Uko pia umugoroba w'umuryango, baraza la jioni la familia za kijiji, ambako ugomvi wa chumbani huweza kufikishwa mbele ya majirani kabla haujafika mahakamani. Kwa mtu wa nje hilo linaweza kuonekana kama kuingiliwa. Kwa wanandoa wanaoonana saa chache kwa siku, mara nyingine ndiyo nafasi ya pekee ya kukaa kwenye benchi moja na kusikilizana.

Na mpaka ukifungwa? Umefungwa mara nyingi katika miongo hii, kwa ugonjwa, kwa volkano, kwa vita. Nyiragongo ilipolipuka Januari 17, 2002, lava ikakata Goma katikati, na maelfu kwa maelfu ya watu wakamiminika Gisenyi. Nyumba zilizokuwa na vyumba viwili zilipokea familia tatu. Machi 2020 janga la korona lilifunga njia, na beseni za sambaza hazikuwa na pa kwenda ila sokoni hapohapo. Kila mara hesabu ya nyumba ilipinduka: mke aliyekuwa akileta fedha za kila siku alibaki nyumbani, na mzigo wote ukarudi kwenye taa za usiku.

Ziwa nalo lina madai yake. Kila mwaka uvuvi wa sambaza husimamishwa kwa takriban miezi miwili, kwa kawaida kuanzia Agosti, ili samaki wazaliane na wadogo wakue. Doria hupita majini, nyavu zenye matundu madogo hukamatwa na kuchomwa. Vyama vya ushirika vya wavuvi huutetea utaratibu huo, kwa kuwa wanachama wake wameona mavuno yanavyoongezeka msimu unapofunguliwa. Ila miezi miwili ni mirefu kwa nyumba inayoishi kwa mapato ya kila alfajiri. Mvuvi na mchuuzi hukosa kazi siku ileile, kwa sababu ileile. Ada za shule na bima ya afya, ambayo hulipwa kwa kila mtu wa familia, hazipumziki.

Kipindi hicho cha kufungwa ndicho kinachoonyesha ni nyumba gani zilipanga. Wapo wanaume wanaorudi kulima viazi na maharage mlimani, wanaotafuta kibarua cha ujenzi Gisenyi, wanaoshona nyavu. Wapo pia wanaonywea mapumziko yao yote. Wake wengi hutegemea walichoweka katika kikundi tangu mwezi wa pili au wa tatu, faranga chache kila juma, na hapo ndipo mazungumzo ya wanandoa hubadilika: mwenye akiba anasikilizwa.

Mabadiliko hayo yana karatasi nyuma yake. Kati ya mwaka 2009 na 2013 Rwanda iliandikisha ardhi yake yote, zaidi ya vipande milioni kumi, na wanandoa waliofunga ndoa halali waliandikwa wote wawili kwenye hati. Mvuvi wa Rubona anayetaka kuweka shamba rehani benki ili anunue wavu mpya kabla msimu haujafunguliwa hawezi kwenda peke yake. Lazima mkewe aridhie na kutia sahihi. Babu yake aliitwa na chifu bila nyumba yake kuulizwa. Baba yake alikwenda kwenye zamu au kwenye taa kwa uamuzi wake mwenyewe. Yeye huketi kwanza na mkewe, mara nyingi katika zile siku za mbalamwezi ambapo wote wawili wako macho saa zilezile, wakikokotoa deni, msimu, ada za shule, na nani atabaki na mtoto asubuhi ya kwanza ya mavuno.